Pesa Ilijenga Ukumbi, Waliofukuzwa Kwao Wakaleta Muziki

Ukiona picha za Glyndebourne, utadhani ni harusi ya watoto wa mabwenyenye. Wanaume wako ndani ya suti nyeusi na tai za kipepeo, wanawake wamevaa magauni marefu, wote wamekaa kwa nyasi na vikapu vya chakula. Pale ng'ambo kondoo wanajilia majani. Wamefunga safari hadi mashambani kusini mwa Uingereza kusikiliza opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao watu wanaimba badala ya kuongea.

Najua unachofikiria. Hayo ni mambo ya wenye pesa, yanakuhusu nini? Tulia kidogo. Pesa ilikuwepo, sikatai. Lakini si pesa iliyofanya hii kitu iwe kubwa.

Mwenye boma alikuwa John Christie. Jamaa alizaliwa 1882, akafundisha sayansi katika shule ya Eton, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na akarithi shamba la familia. Mwaka wa 1931, akiwa na miaka 48, akamwoa mwimbaji anaitwa Audrey Mildmay, aliyelelewa Kanada. Christie alikuwa na mpango wa kaukumbi kadogo tu ka kuburudisha marafiki. Inasemekana ni Audrey aliyemwambia kwamba kama anamwaga pesa zote hizo, basi afanye kazi ya maana. Ukumbi ukajengwa hapo hapo kwa boma, viti kama 300 hivi.

Sawa, ukumbi uko. Lakini ukumbi bila watu wanaojua kazi ni stoo tu.

Sasa rudi Ujerumani, 1933. Hitler ameshika serikali. Machi mwaka huo, Fritz Busch, aliyekuwa kiongozi wa muziki katika opera ya Dresden, alizomewa na wafuasi wa Nazi akiwa kazini, mbele ya watazamaji, hadi akashindwa kuongoza onyesho. Kazi ikaisha. Carl Ebert, mkuu wa opera moja ya Berlin, naye akakataa kuwatumikia hao watu, akaondoka. Rudolf Bing, Myahudi kutoka Vienna aliyefanya kazi na Ebert, pia akapoteza kazi.

Hao watatu ndio Christie aliwapata. Na hapa ndipo nampa heshima zake. Yeye alikuwa anampenda sana Wagner, na opera za Wagner ni kubwa, zinataka okestra ya watu wengi. Busch na Ebert wakamwambia ukweli: mzee, hako kaukumbi kako ni ka Mozart. Tena wakataka wao ndio waamue mambo ya jukwaani, sio yeye. Tajiri, ndani ya nyumba yake, kwa pesa yake, akakubali. Wangapi unawajua wanaweza hiyo?

Tarehe 28 Mei 1934 wakafungua na opera ya Mozart kuhusu Figaro, ile ambayo wafanyakazi wa nyumba wanamzidi akili bwana mkubwa. Audrey mwenyewe aliimba kama Susanna, mjakazi. Watu walikuwa wamefanya mazoezi ya kutosha, na ilionekana. Tamasha likashika.

Bing baadaye akawa meneja mkuu wa Glyndebourne, akaongoza Tamasha la Edinburgh lilipoanza 1947, na kutoka 1950 hadi 1972 akasimamia Metropolitan Opera, New York. Glyndebourne nayo ilifungua ukumbi mpya wa viti kama 1,200 mnamo Mei 28, 1994, miaka 60 kamili, tena kwa Figaro yule yule.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi huisema tukitaka mgeni aletewe chai, halafu tunaisahau. Ujerumani ilifukuza watu wake wenye ujuzi, na jirani akapona. Kwa hivyo mtu akihamia mtaani kwako akiwa amekimbia kwao, usiharakishe kumwita mzigo. Muulize kwanza alikuwa anafanya kazi gani. Na kama wewe ndiye mwenye ukumbi, toa funguo, kisha kaa chini usikilize.