Niasini: Kutoka Tumbaku hadi Unga wa Obusuma

Atazamaye ubavu wa pakiti ya unga wa mahindi katika duka lolote mjini Kakamega ataliona, kwa maandishi madogo, baina ya chuma na zinki na vitamini nyinginezo, neno niasini, ambalo wapishi wa obusuma, yaani ugali, aghalabu hulipita pasi na kulisoma.

Asili yake ni tumbaku. Wanakemia wa Ulaya katika karne ya 19 waliipata kutoka nikotini, wakaiita asidi ya nikotini, wakaiacha rafuni kwa kutojua faida yake, hata mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alipodhihirisha kuwa ndiyo iponyayo mbwa wenye ulimi mweusi, maradhi yaliyo ndugu ya pelagra, ambayo humbabua mtu ngozi, humharisha na mwisho humvuruga akili. Jina nalo likabadilishwa kuwa niasini, kwa kuchelea watu wasije wakadhani mkate wao umetiwa tumbaku. Tahadhari ambayo mimi naiona ya busara.

Pelagra huwapata hasa walao mahindi matupu, kwani niasini ya mahindi imefungika, tumbo haliipati. Wenyeji wa Mexico tangu kale huyachemsha kwa chokaa ikafunguka. Afrika mbegu ilifika, chokaa haikufika.

Mwaka 1955, huko Kanada, Rudolf Altschul na Abram Hoffer pamoja na mwenzao walitangaza kwamba niasini, ikinywewa kwa gramu nzima badala ya miligramu kumi na kitu zitoshazo lishe, hupunguza kolesteroli ya damu. Matabibu wakaikimbilia kuikinga mishipa ya moyo, ijapokuwa mnywaji huwakwa uso ukawa mwekundu na kumwasha kana kwamba umepakwa pilipili. Lakini majaribio mawili makubwa, moja lililokatizwa mwaka 2011 na jingine la watu zaidi ya 25,000 lililochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kuwa, kwa wagonjwa waliokwisha kuanza kutumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, haikuongeza kinga, bali madhara yalizidi.

Heshima yake imebaki jikoni. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti urutubishwe, niasini ikiwamo. Mama abebaye debe lake la mahindi hadi kwenye posho mili, akarudi na unga ungali na joto la mawe, unga wake huo kwa kawaida haukutiwa kitu. Niasini yake ataipata kwenye njugu, maharagwe na omena.