Ilembula, Novemba 1916

Wengi wanaofika Ilembula, wilayani Wanging'ombe, wanafuata hospitali ya Kilutheri. Wachache wanajua kwamba mwishoni mwa Novemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, misheni ya hapa ilizingirwa na majeshi, na Wajerumani wakapoteza hapa kikosi kizima.

Kwa hesabu za kijeshi, Ubena, nchi ya Wabena, ilikuwa imeshabadili bwana. Mwezi Mei Jenerali Edward Northey wa Uingereza alivuka mpaka akitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Njombe ikaanguka Juni, Iringa Agosti. Lakini Septemba 19 Wabelgiji waliitwaa Tabora, na askari wa Kijerumani waliokuwa huko wakashika njia ya kusini-mashariki kuwatafuta wenzao wa Mahenge. Aliyewaongoza ni Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta hapo.

Njia ya Wahle ilipita katikati ya vituo vya Northey. Oktoba aliiteka Ngominji. Novemba Malangali ikazingirwa na Lupembe ikashambuliwa. Askari wake wengi walikuwa wenyeji wa Tabora, na kadiri walivyozidi kwenda mbali na kwao ndivyo walivyotoroka. Siwalaumu. Serikali waliyoipigania ilikuwa inakimbia, na wake na watoto wao walibaki nyuma.

Kundi la Luteni Kanali Hübner liliachwa nyuma na wenzake. Waliolifuata, chini ya Luteni Kanali Murray, hawakuwa jeshi la kawaida: wengi walikuwa polisi wa Rhodesia waliofundishwa vita, British South Africa Police. Walilizingira Ilembula, na Novemba 26 Hübner akasalimu amri. Walihesabiwa Wajerumani 54, askari 249 na mzinga mmoja wa milimita 105.

Mzinga wa aina hiyo una uzito unaozidi tani moja. Tangu Tabora hadi nyanda za Wabena hapakuwa na reli, na Novemba mvua huanza kulainisha udongo. Wapagazi walibeba risasi, chakula na mizigo ya maofisa, na upande wa Northey nao ulitegemea mtengatenga, yaani wapagazi waliotolewa vijijini kwao Rhodesia na Nyasaland. Katika hesabu ile ya Ilembula wapagazi hawamo.

Novemba pia ndio mwezi ambao mkulima wa hapa amebakiza akiba kidogo ghalani, tena anahitaji mbegu. Majeshi mawili yalipita yakila. Wazee waliokuwa hai wakati ule walishaijua njaa ya baada ya Maji Maji, pale Wajerumani walipochoma vyakula ili kuwavunja nguvu wapiganaji. Kwao, kushindwa kwa Hübner hakukurudisha gunia hata moja.

Vita vyenyewe viliendelea kwa miaka miwili kasoro siku moja: Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani, alikabidhi silaha Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918. Wakati huo homa kuu ya mafua ilikuwa imeshaingia, nayo ikawakuta watu ambao vita vilikuwa vimewamaliza nguvu.