Stesheni ya Mikese

Asafiriye kwa reli ya zamani kutoka Dar es Salaam huiona milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto, na kadiri ya kilometa 30 kabla ya Morogoro hufika Mikese. Ni stesheni ndogo, na wasafiri wengi hawakuijua hata jina. Lakini sisi wa upande huu hatuwezi kuandika habari za nchi yetu tukaiacha.

Mikese si mtoto wa reli. Mwaka 1871 Bwana Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita hapo akielekea Simbamwene, mji wenye boma la mawe uliokuwapo Morogoro. Siku zile kila kitu kilichotoka pwani kilikwenda juu ya vichwa vya watu, ratili 60 au 70 kwa kila mpagazi. Misheni ya Matombo nayo, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwako miaka kumi kabla ya gari la moshi.

Wadachi walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Morogoro mwaka 1907. Stesheni ndogo za njia ile zilikuwa na kazi kubwa kuliko majengo yake. Pale watu walikata tiketi na mizigo ilipimwa. Tena njia ni moja tu, wala treni mbili haziwezi kupishana ila penye stesheni; kwa hiyo habari zilipelekwa kwa waya, na dereva hakuondoka asipopata ruhusa. Basi wapagazi wa njia ya pwani wakapumzika.

Hawakupumzika sana. Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, na Wadachi wakarudi nyuma kuelekea Rufiji, wakiwa wamevunja madaraja ya reli. Yalipotengenezwa, Mikese ikawa ghala ya vita. Askari, hata wale waliotoka Nigeria, walishuka hapo wakashika njia ya mto Ruvu, Tulo na Duthumi. Masika ya 1917 yalikuwa makali mno. Motokaa zikazama katika matope. Chakula na risasi vilivyoletwa na mabehewa vikapandishwa tena juu ya vichwa. Ndiyo ajabu ya Mikese: reli iliyotua mizigo ya watu ndiyo iliyowatwika upya. Wengi walikufa kwa njaa, homa na kuhara damu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kambi ya wapagazi hao. Askari wa Kiingereza wana makaburi yao Morogoro, na mawe yake yana majina. Wapagazi walio wengi hawana jiwe wala jina. Na hao walikuwa baba zetu na babu zetu.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Reli hiyo mpya ina stesheni Ngerengere, kisha Morogoro, Mikese haimo.