Wachoraji Waliotolewa Katika Nyumba Yao

Majina ya Simba mwana wa mfalme, na Rafiki yule nyani mzee, na Pumbaa ngiri, yamefika katika nchi nyingi ambazo watu wake hawajui hata kidogo kuwa ni maneno ya Kiswahili. Wanafunzi wangu hapa Ihumwa waliniuliza ni nani aliyewapa Wamarekani maneno yetu. Jibu ni refu, maana sinema ile ilitoka katika karakana iliyokuwa karibu kufungwa.

Kazi yenyewe ni hii. Mchoraji huchora picha nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo. Nazo zionyeshwapo upesi, jicho hudanganyika likadhani kitu kinakwenda. Kila sekunde yataka picha 24, ingawa mchoro mmoja aghalabu hutumika mara mbili. Basi dakika moja ni picha 1,440.

Walt Disney na kaka yake Roy walianza kazi hiyo California mwaka 1923. Hata mwaka 1937 wakatoa Snow White, na kwa faida yake wakajenga nyumba kubwa ya wachoraji huko Burbank. Mabingwa wake tisa Walt aliwaita kwa utani Wazee Tisa, ijapokuwa walikuwa bado watu wa makamo.

Walt akafa tarehe 15 Desemba 1966, na ugonjwa ukaingia polepole. Kila lilipotolewa shauri jipya, watu waliuliza, Je, Walt angalifanyaje? Kwangu mimi swali hilo liliharibu kazi kuliko upungufu wa fedha, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda kurudia ya jana. Wazee wakastaafu mmoja mmoja. Vijana wakaona njia imezibwa. Mwaka 1979 mchoraji Don Bluth akatoka pamoja na wenzake kadhaa, na sinema iliyokuwa mikononi ikachelewa hata 1981. Kisha, mwaka 1985, ikaja The Black Cauldron. Ilimeza dola zipatazo milioni 44, na katika Marekani ikarudisha kama nusu tu.

Mabwana wapya, Michael Eisner na Frank Wells, walikuwa wameshika usukani tangu 1984. Roy E. Disney, mtoto wa yule kaka, akasimamia kazi ya kuchora ili isife. Walakini wachoraji walitolewa katika nyumba ile iliyojengwa kwa jasho la Snow White, wakapelekwa katika maghala huko Glendale. Wengi walidhani huo ndio mwisho.

Lakini ghalani hapakuwa na fahari ya kulindwa. Vijana walichora, wakafuta, wakabishana. Akaja Howard Ashman, mtu wa michezo ya jukwaani kutoka New York, pamoja na Alan Menken mtunga muziki. Ashman aliwafundisha kwamba wimbo usiwe pambo la kupumzishia watu. Sharti wimbo uisukume hadithi mbele, hata ukiondolewa hadithi ianguke. Kwa njia hiyo wakatoa The Little Mermaid mwaka 1989, na watu wakajaa tena. Ashman alikuwa mgonjwa wa UKIMWI. Alifariki Machi 1991, miezi michache kabla ya Beauty and the Beast kutolewa, nayo ikawa sinema ya kwanza ya kuchorwa kushindania tuzo ya Oscar ya sinema bora.

Ndipo ikaja The Lion King, mwaka 1994. Jambo la kushangaza ni kwamba wachoraji wengi wenye sifa waliikimbia, wakachagua Pocahontas, wakiitumainia zaidi. Ya simba waliachiwa wengine. Baadhi yao walisafiri mpaka Kenya kutazama nchi na wanyama. Sinema yao ikapata zaidi ya dola milioni 700 duniani, na Pocahontas haikuikaribia.

Basi maneno yetu hawakupewa na mtu; waliyachukua palipo wazi. “Hakuna matata” yalikuwa yakiimbwa Kenya tangu 1982 na kundi la Them Mushrooms, ingawa sisi wa huku bara husema zaidi “hakuna shida.” Mwaka 2003 kampuni ikayaandikisha huko Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi, na mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi kupinga. Niliwaeleza wanafunzi kwamba alama ya namna hiyo haimzuii mtu kusema wala kuimba. Hawakuridhika, nami sikuwalaumu.