Kupoza Springi na Kupooza kwa Springi: Kitenzi Kimoja Katika Historia ya Injini za Majini

Mkoa wa Singida hauna pwani, na msomaji huenda akashangaa kuuona ukitajwa katika makala yahusuyo injini za vyombo vya majini. Lakini Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita Manyoni na Itigi, na kwa njia hiyo zilipita sehemu za meli ya Kijerumani Graf von Goetzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Iliteremshwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inajulikana kwa jina la Liemba.

Kwa mwanaistilahi, linalopasa kuzingatiwa ni kwamba meli hiyo iliendeshwa kwa mvuke. Katika mitambo ya mvuke ya aina hiyo, vali zilizoongoza mvuke zilisukumwa na kuvutwa na vyuma vya mtambo wenyewe, wala hazikuhitaji springi ya kuzirudisha mahali pake. Injini za namna nyingine zililetwa ziwani na upande wa pili wa vita. Mwezi Desemba 1915 Waingereza waliteremsha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town kwa reli, kwa mito na kwa kukokotwa katika misitu ya Kongo. Kila boti ilikuwa na injini mbili za petroli, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 100, na mwendo wake ulikuwa noti zipatazo 19. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Meli zote mbili zilikuwa za mvuke. Kwa hiyo suala la springi za vali katika injini za mwendo mkali liliingia katika maji yetu kupitia vita, na Liemba yenyewe ililipokea katika miaka ya 1970, mitambo yake ya mvuke ilipoondolewa na kuwekwa ya dizeli.

Hapana budi kulieleza suala lenyewe kwanza, maana istilahi isiyotanguliwa na maelezo ya kazi ya kitu mara nyingi hukosea. Katika injini ya mipigo minne, kila vali hufunguliwa mara moja kwa kila mizunguko 2 ya krenki, na springi ndiyo huifunga. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, springi hubanwa na kuachiwa mara 1,500, yaani mara 25 kwa kila sekunde. Chuma kinachopindwa na kunyooka hivyo hupata joto ndani yake chenyewe. Mahali penye springi mbili, ndogo ndani ya kubwa, husuguana; na chini yake kuna vali ya moshi, ambayo ni ya moto kuliko yote. Joto likizidi, springi hupungua ukakamavu, vali ikachelewa kufunga, na pengine ikagongwa na pistoni.

Katika gari madhara haya hujificha. Dereva ateremkaye mlima Sekenke huondoa mguu kwenye mafuta, na injini ikapata nafuu. Boti haina Sekenke yake: maji huizuia tangu itokapo bandarini hadi ifikapo, na injini hubeba mzigo saa zote. Ndiyo sababu waundaji wa injini za boti za kasi hujali sana kupoza springi. Mafuta ya injini hupandishwa kwa pampu hadi juu ya vali, yakamwagikia springi, yakachukua joto na kushuka nalo. Katika injini kali zaidi huwekwa bomba jembamba lenye vitundu, likinyunyizia kila springi moja kwa moja. Maji ya ziwa au ya bahari hupoza mwili wa injini, na hupoza mafuta hayo kupitia kifaa kingine, lakini hayaigusi springi. Mfasiri aandikaye “maji ya kupozea springi” humfanya fundi atazame pampu ya maji, hali mafuta yamekauka.

Sasa tuje kwenye maneno. Kwa springi lugha yetu imekuwa na majina matatu. Mtambo, kabla halijawa jina la mashine kwa jumla, lilitumika kwa kitu chenye nguvu ya kufyatuka, kama mtambo wa bunduki au wa mtego. Kamani lilishika saa. Springi lilikuja na magari, na wahunzi wengi wanalijua vema, kwani hununua springi chakavu za magari kufulia visu na mapanga. Mhunzi hahitaji kufundishwa kwamba chuma hicho kikipashwa moto sana hupoteza ukakamavu wake. Kwa maoni yetu, kamani libaki katika saa, na springi liachiwe injini.

Penye mgogoro hasa ni kitenzi. Kutokana na poa tunapata poza, kama vile jaa hutoa jaza na potea hutoa poteza. Pooza ni kitenzi kingine, chenye maana ya kulemaa au kufifia. Hata hivyo yote mawili huandikwa kwa maana ya kutia ubaridi. Singida hiyo hiyo ni kituo katika njia ya umeme wa kilovolti 400 itokayo Iringa hadi Shinyanga, na katika habari za vituo vya namna hiyo msomaji atakuta “kupoza umeme” na “kupooza umeme” pia. Wako wanaolitetea la pili kwa kuwa limezoeleka. Katika umeme hasara si kubwa: neno lenyewe ni sitiari ya kupunguza nguvu, na hakuna adhaniaye kuwa umeme umepata kiharusi. (Transfoma nazo, kwa bahati, hupozwa kwa mafuta, kama springi zetu.)

Katika injini hasara ni kubwa. “Springi zilizopozwa” ni springi salama. “Springi zilizopooza” ni zile zilizokwisha kulegea kwa joto, yaani kinyume kabisa. Taarifa ya ukaguzi wa meli ikiandikwa kwa irabu moja zaidi, mhandisi aisomaye hawezi kujua kama aipitishe au aizuie. Mazoea ya umeme yasihamishiwe huku.

Tunapendekeza kulegea litumike kwa springi iliyopungua ukakamavu, na kuchoka, neno la mafundi wenyewe, kwa ile iliyopata ufa kwa kubanwa mara nyingi mno. Ama lile bomba lenye vitundu, tungeliita kinyunyizio cha springi na si kipoza springi, kwa kuwa bomba halipozi kitu. Yapozayo ni mafuta.