Usajili Ni Hesabu ya Waliobaki

Kila mwaka msimu wa ligi unapokwisha, jiji la Dar es Salaam hushikwa na homa ambayo daktari hana dawa yake. Ni homa ya usajili. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, kwenye vituo vya daladala, na hata maofisini ambako watu wanalipwa kufanya kazi nyingine, swali ni moja tu: nani kaja? Gazeti moja husomwa na watu kumi, na aliyelinunua hurudishiwa likiwa limekwisha kuchakaa. Halafu huja siku za kuwaonyesha hadharani wachezaji wapya. Simba walianza sherehe yao ya Simba Day mwaka 2009, na Yanga wakaanzisha Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Uwanja hujaa pomoni, jezi mpya zimekwisha nunuliwa, na kila mshabiki hurudi nyumbani akiwa tayari ni bingwa, ingawa ligi haijachezwa hata dakika moja.

Sina nia ya kuwakejeli wapenzi hao. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa siku nyingi wa homa hiyo. Tena nina deni ambalo sijalilipa. Mwezi Agosti 2021 nilisema hewani, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, kwamba Simba ingechukua ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya tano mfululizo. Nilikosea, na nilikosea vibaya. Wasikilizaji hawakunisahau. Hadi leo wako wanaonisimamisha njiani na kuniuliza, "Kaka, ile tano iko wapi?"

Kosa hilo lilinifanya nirudi nyuma kuitazama upya historia ya klabu hizi mbili kubwa, nikitafuta jambo moja: je, orodha ya usajili kabla ya msimu inatuambia nini hasa? Jibu nililolipata si lile nililolitarajia. Sisi waandishi na washabiki huhesabu wanaoingia. Tunaimba ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mara nyingi ubingwa umeamuliwa na hesabu nyingine kabisa, hesabu ya waliobaki.

Tuanze mbali kidogo. Yanga ilikuwa bingwa wa nchi mara tano mfululizo, tangu mwaka 1968 hadi 1972. Mwaka 1976 ukazuka mgogoro mkubwa ndani ya klabu, na kundi la wachezaji na wanachama likajitenga na kuunda timu ya Pan African. Zama zile ilikuwa soka ya ridhaa, hakukuwa na mamilioni ya kununua beki kutoka nje kuziba pengo. Pengo lilibaki wazi. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Simba ile ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, tangu 1976 hadi 1980.

Wengi huyakumbuka mabao ya Kibadeni na kusahau mgogoro uliotangulia. Yanga haikupata ubingwa tena hadi mwaka 1981. Na mwaka uliofuata, 1982, bingwa alikuwa nani? Pan African, ile ile iliyozaliwa na mgogoro. Waliondoka wakiwa kundi, na kundi lile likawa msingi wa timu ya kutwaa kombe. Nyumba iliyowapoteza ilichukua miaka mitano kujijenga upya.

Turuke sasa hadi mwaka 2017. Simba ilikuwa haijaonja ubingwa tangu msimu wa 2011/12. Yanga ilikuwa imetwaa mara tatu mfululizo. Kipindi cha usajili kilipofika, wana Msimbazi walitikisa nchi. Emmanuel Okwi wa Uganda alirudi. Haruna Niyonzima wa Rwanda, aliyekaa Jangwani tangu mwaka 2011, akavuka mtaa. Magazeti yaliuzika kwa majina hayo mawili. Msimu ukaisha Simba ikiwa bingwa, na Okwi akiwa mfungaji bora kwa mabao 20.

Kwa haraka mtu atasema, hayo si ndiyo matunda ya kununua? Ni kweli kwa sehemu. Lakini tazameni orodha ile kwa makini. Pamoja na majina hayo mawili, Simba ilichukua watu wanne kwa mpigo kutoka Azam FC: mlinda mlango Aishi Manula, mabeki Shomari Kapombe na Erasto Nyoni, na mshambuliaji John Bocco. Wanne hao walikuwa wamecheza pamoja kwa miaka. Manula hakuhitaji kufundishwa namna Nyoni anavyorudisha mpira, wala Kapombe hakuhitaji kuambiwa Bocco anapenda krosi ya aina gani. Simba ilinunua mazoea yaliyokwisha pikwa kwenye jiko la mwenzake. Tena haikuanzia sifuri. Msimu uliotangulia ilimaliza ikiwa na pointi 68 sawasawa na Yanga, na ikaukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Wageni waliingia kwenye nyumba iliyokuwa na kuta, ikakosa bati tu.

Kikosi hicho kiliendelea kuongezwa kidogo kidogo. Clatous Chama wa Zambia alikuja mwaka 2018, Luis Miquissone wa Msumbiji akaja mwaka 2020. Simba ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, hadi 2020/21. Mwezi Februari 2021 iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1-0 hapa Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mfungaji alikuwa Miquissone.

Hapo ndipo tunapofika kwenye Agosti yangu ya aibu. Al Ahly hawakulisahau bao lile. Walimchukua mfungaji wake. Wiki hizo hizo Chama akauzwa kwa RS Berkane ya Morocco. Watu wawili waliokuwa wakitengeneza nafasi za mabao, mmoja akicheza katikati na mwingine pembeni, waliondoka pamoja wakati msimu unabisha hodi. Nami nikasema si kitu, Manula yupo, Kapombe yupo, Bocco yupo, na fedha za mauzo zitaleta wengine.

Walikuja kweli, na hawakuwa wachezaji wabaya. Mmoja wao, Pape Ousmane Sakho wa Senegal, alifunga bao la tikitaka dhidi ya ASEC Mimosas lililochaguliwa kuwa bao bora la mwaka barani Afrika mwaka 2022. Lakini walifika baada ya wenyewe kuondoka. Hakuna aliyekaa hata mwezi mmoja pembeni ya Chama akijifunza pasi anaipeleka wapi. Hata Chama mwenyewe aliporudi Januari 2022, msimu ulikuwa umekwisha kwenda njia nyingine.

Upande wa pili wa mtaa, Yanga walikuwa wanajenga. Kiangazi kile walimleta mlinda mlango Djigui Diarra kutoka Mali, kiungo Khalid Aucho wa Uganda, na Wakongo Djuma Shabani, Yannick Bangala na Fiston Mayele. Mayele na Djuma walitoka pamoja AS Vita ya Kinshasa. Mwanzo ulikuwa mbaya. Mwezi Septemba walitolewa na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa kwa kufungwa bao 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Nakumbuka nilicheka. Siku chache baadaye, tarehe 25 Septemba, Mayele akaifunga Simba bao pekee katika mechi ya Ngao ya Jamii, kicheko changu kikaishia hapo. Yanga ilimaliza msimu wa 2021/22 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Ilifikisha michezo 49 bila kupoteza, hadi Ihefu ya Mbeya ilipoifunga 2-1 tarehe 29 Novemba 2022.

Sasa msikilizaji makini ataniuliza: kama kuondokewa ni maradhi, mbona mwaka 2023 Yanga waliondokewa na wakaendelea kuwa mabingwa? Swali zuri, na ndilo linaloikamilisha hoja yangu. Mwaka huo Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers dhidi ya USM Alger. Mayele alikuwa mfungaji bora wa mashindano yale kwa mabao saba. Mara baada ya hapo akaenda Pyramids ya Misri. Kocha Nasreddine Nabi akaondoka. Feisal Salum akaenda Azam. Bangala na Djuma nao wakaaga. Pale Msimbazi watu walianza kuhesabu siku.

Lakini Diarra alibaki langoni. Bakari Mwamnyeto, Dickson Job na Ibrahim Hamad 'Bacca' walibaki katika ulinzi. Aucho alibaki katikati. Na zaidi ya yote, alikuwapo Stephane Aziz Ki, ambaye alisajiliwa mwaka 2022 na alikwisha kaa mwaka mzima na wenzake Mayele angalipo. Mshambuliaji aliyenunuliwa kuziba pengo la Mayele, Hafiz Konkoni wa Ghana, hakumaliza msimu Jangwani. Aliyeziba pengo ni yule aliyekuwa ndani siku zote. Aziz Ki alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya 2023/24. Wageni kama Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli waling'ara haraka kwa sababu walikuta nyumba imesimama. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1, na msimu huo Yanga ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti.

Ushahidi wa mwisho ni wa msimu wa 2024/25. Simba, baada ya kumaliza wa tatu, iliamua kuvunja nyumba na kujenga mpya. Bocco aliondoka, Henock Inonga aliondoka, na Chama, mpendwa wa Msimbazi, akavuka mtaa kwenda Yanga. Wakaja Moussa Camara, Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, Debora Fernandes na wengine, chini ya kocha mpya Fadlu Davids. Nikiri kwamba kazi yao ilikuwa ya kuheshimika. Ahoua alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Berkane kwa jumla ya mabao 3-1.

Yanga msimu huo huo ilikuwa na makocha watatu: Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi. Kwa kawaida hiyo ni njia ya kwenda kaburini. Lakini uti wa mgongo wa wachezaji ulikuwa ule ule, na kijana Clement Mzize, aliyepandishwa kutoka timu ya vijana mwaka 2022, alifunga mabao 14. Tarehe 25 Juni 2025, katika mechi ya mwisho ya ligi, Simba na Yanga walikutana ubingwa ukiwa mezani. Yanga ilishinda 2-0. Timu iliyokaa pamoja miaka minne iliishinda timu iliyokaa pamoja mwaka mmoja.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, orodha ya usajili ikitoka, tusianze na jina kubwa lililoandikwa juu kwa wino mwekundu. Tuulize maswali matatu. Kwanza, nani ameondoka, na je, wameondoka wawili au watatu kutoka idara moja? Pili, anayetarajiwa kushika nafasi hiyo alikuwa wapi mwaka jana, ndani ya kambi au ndani ya ndege? Tatu, wageni hawa wamewahi kucheza pamoja mahali popote, au watafahamiana siku ya kupigwa picha?

Maswali hayo si ya burudani tu. Kuna mama lishe na mpiga debe wanaokatwa shilingi zao kwa kadi za uanachama na jezi kila msimu, na fedha hizo ndizo zinazowaleta hao wageni. Wana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Kiongozi anayesajili wachezaji kumi na wawili kila mwaka hupigiwa makofi Agosti. Lakini kila anayeingia humsukuma mwingine nje, na mara nyingi anayesukumwa ni kijana wa hapa hapa aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja tu kuiva. Mzize angeweza kuwa mmoja wao. Wako wengine ambao hatutawajua kamwe, kwa sababu nafasi yao ilichukuliwa na mtu aliyekaa miezi sita na kuondoka.

Na lile deni langu la Agosti 2021? Nalilipa leo. Sitabiri tena bingwa kabla ya kuhesabu waliobaki. Ukinikuta kijiweni nikishangilia mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, nikumbushe, ndugu yangu, wala usinionee haya.