Mkia wa sauti: jinsi riverbu ilivyoshuka bei, na namna ya kuchagua yako

Leo tuweke kando lugha za programu kidogo, tuzungumzie chombo ambacho wengi wetu hukisikia kila wiki bila kukijua jina. Ni kile kisanduku kinachoipa sauti ya mwimbaji mkia. Mafundi wa sauti hukiita riverbu.

Wikendi huwa nasaidia kwaya moja kwenye mikisa, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Tuna pesa kidogo za mchango, tununue ipi?" Si swali dogo. Pesa hizo zimechangwa shilingi kwa shilingi, na kikinunuliwa kisanduku kisichofaa, mchango wa pili hauji karibuni. Mimi naona jibu limo kwenye historia kuliko kwenye orodha ya bei. Ukijua kilichofanya riverbu iwe rahisi, utajua pia kilichoachwa nje ili iwe rahisi. Hapo ndipo unaweza kuchagua.

Kwanza tuelewane. Mwangwi ni neno lako linalokurudia ukipaza sauti mbele ya jabali, nawe unalisikia peke yake. Riverbu ni maelfu ya miangwi midogo kutoka kuta, dari na sakafu, imesongamana hata sikio haliwezi kuitenganisha. Unachosikia ni mkia mmoja unaofifia.

CHUMBA, BAMBA NA SPRINGI

Mwaka 1947 huko Chicago, fundi Bill Putnam alirekodi kikundi cha wapiga harmonika, The Harmonicats, wakipiga "Peg o' My Heart". Aliweka spika na maikrofoni bafuni, akapeleka sehemu ya muziki humo, kisha akaichanganya sauti iliyotoka na ile kavu. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo: sauti kavu hupita njia yake, sehemu yake hupelekwa pembeni, hurudi ikiwa na mkia, na wewe huchanganya.

Lakini chumba hakibebeki. Mwaka 1957 kampuni ya Ujerumani, EMT, ilitoa EMT 140: bamba la chuma lenye unene wa nusu milimita, urefu wa kama mita 2 na upana wa mita 1, limening'inizwa ndani ya fremu. Kifaa kimoja hulitikisa bamba kwa sauti ya mwimbaji, kingine huusikiliza mtikisiko. Sauti yake bado inaigwa mpaka leo. Ila lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo lilifaa studio, si jukwaa.

Njia ya bei nafuu ilikuwa springi. Vinanda vya Hammond vilizitumia, na mwaka 1961 Fender ikauza kisanduku chake cha springi kwa wapiga gitaa. Ni nyepesi na rahisi, lakini ukiipa sauti yenye mshtuko, kama herufi "p" au "t" iliyotamkwa kwa nguvu, hulia kama mlango wenye bawaba mbovu. Gitaa huvumilia hilo. Mwimbaji hufurahia mara chache.

HESABU INAINGIA

Hapa sasa ndipo watu wa programu tunapoingia. Mwaka 1961 na 1962, Manfred Schroeder wa Bell Labs huko Marekani alionyesha kwamba riverbu inaweza kutengenezwa kwa hesabu tupu. Chukua sauti, icheleweshe kidogo, ipunguze nguvu, kisha irudishe mwanzoni izunguke tena. Huo ni mzunguko mmoja. Schroeder alipanga mizunguko minne sambamba, yenye ucheleweshaji wa kati ya milisekunde 30 na 45, halafu akaipitisha sauti kwenye hatua mbili zaidi za kuisambaza.

Siri yake ilikuwa kwenye namba. Ucheleweshaji ukiwa na vigawanyo vya pamoja, miangwi hugongana mahali pamoja na sauti hulia kama bati. Ukichagua namba zisizogawanyika pamoja, miangwi huanguka kila mmoja mahali pake. Yeye alikadiria kwamba inahitajika kama miangwi 1,000 kwa sekunde ili sikio lisione mashimo. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji tukifika dukani.

Tatizo ni kwamba kompyuta za wakati huo zilikuwa kubwa kama chumba, na hesabu hiyo haikufanyika papo hapo mtu akiimba. Ilibidi kungoja hadi 1976, pale EMT 250 iliyobuniwa na Barry Blesser ilipotoka kwa bei ya kama dola 20,000. Mwaka 1978 Lexicon ikafuata na modeli ya 224 ya David Griesinger, ambayo nayo iligharimu maelfu ya dola. Studio kubwa zilinunua. Bendi ya mtaani ilibaki na springi.

MAAGIZO 128

Mwaka 1985 Yamaha ilitoa SPX90, ambayo Marekani iliuzwa chini ya dola 1,000. Lakini anayenivutia zaidi ni Keith Barr, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya Alesis mwaka 1984. Mwaka 1986 Alesis ilitoa MIDIverb kwa dola 395. Piga hesabu: miaka 10 baada ya EMT 250, bei ilikuwa imeshuka mara 50.

Aliwezaje? Kwa kuacha vitu. Chipu za kuzidisha namba zilikuwa ghali, basi akatengeneza mashine isiyozidisha. Ina maagizo ya aina nne tu: kupakia nusu ya namba, kujumlisha nusu ya namba, kuhifadhi jumla jinsi ilivyo, na kuihifadhi ikiwa imegeuzwa hasi. Wenzangu mnajua kwamba kugawa kwa mbili kwenye namba za binari ni kusogeza biti nafasi moja tu, kazi isiyogharimu kitu. Kila programu ina maagizo 128, na yote hupitiwa upya kwa kila sampuli ya sauti, zaidi ya mara 23,000 kwa sekunde. Kumbukumbu yake yote inatosha sauti ya kama sekunde 0.7.

Kisanduku kilikuwa na programu 63. Hukuweza kurekebisha urefu wa mkia wala kitu kingine. Ulichagua namba, basi. Kwa anayependa kuchokonoa hilo lilikuwa kasoro. Kwa mpiga muziki ambaye hajawahi kumiliki riverbu, ilikuwa mara ya kwanza mlango kufunguka.

Baadaye Barr alianzisha Spin Semiconductor, na katika miaka ya 2000 akatoa chipu ya FV-1. Hii inazidisha, ina kumbukumbu ya kama sekunde 1, na maagizo kwa kila sampuli ni mangapi? 128 tena! Watengenezaji wadogo wa pedali waliweza kuinunua na kuiandikia programu zao wenyewe. Barr alifariki mwaka 2010.

SASA TUNUNUE IPI?

Kwa hiyo ukifika dukani usiulize kina programu ngapi. Uliza kimeachwa nini, na je, mimi ninakihitaji? Mimi huangalia mambo haya:

1. Kazi yenyewe. Jukwaani unahitaji vitufe unavyoweza kuvigusa gizani: urefu wa mkia, kiasi chake, na swichi ya kuuzima. Kinachofaa ni kile chenye tundu la swichi ya mguu, ili mwimbaji akianza kuongea uizime mara moja. Maneno ya hotuba yenye mkia hayasikiki.

2. Kama ni kurekodi, sauti kavu iingie kwenye kompyuta peke yake, na mkia uende kwenye hedifoni za mwimbaji tu. Mtu akijisikia mkavu hulazimisha sauti na kupoteza noti. Akipata mkia kidogo hutulia. Kisanduku cha nje kilichounganishwa kwenye mikisa hakimsubirishi kama kompyuta inavyoweza. Lakini ukirekodi mkia pamoja na sauti, hutautoa tena.

3. Lazima kiweze kutoa mkia mtupu bila sauti kavu. Ukikiunganisha pembeni ya mikisa huku kikirudisha na sauti kavu, utasikia sauti mbili zikigombana.

4. Muda kabla ya mkia kuanza. Kikikuruhusu kuweka milisekunde 20 hadi 40, herufi za mwanzo wa neno hubaki safi. Kwa sauti ya mtu jambo hili lina faida kuliko programu 50 za ziada.

5. Umeme. Visanduku vya zamani vilivyotoka Marekani vinataka volti 120, na vyetu ni 240. Vingine, kama MIDIverb, vinataka adapta ya AC ya volti 9, na adapta ya kawaida ya DC haitafaa. SPX90 ina betri ndani inayohifadhi mipangilio, na ikifa mipangilio yako hupotea. Pigia hesabu ya transfoma au fundi kabla ya kulipa.

6. Ukumbi wenu. Kama mnaimbia kwenye kuta za saruji na paa la mabati, ukumbi tayari una mkia wake, tena mrefu. Hapo riverbu yoyote iwe fupi na kidogo sana. Huenda pesa zenu zikafanya kazi zaidi kwenye mapazia mazito ukutani. Mnaoimbia uwanjani au ndani ya hema ndio mnaoihitaji hasa.

Na kabla ya kununua mpya, angalia mikisa mliyo nayo. Mikisa nyingi ndogo huja na riverbu ndani, na kwa wengi inatosha.

Mwisho, jaribio la dakika moja. Dukani, omba kisanduku kiwekwe kitoe mkia mtupu, shika maiki, tamka "pa!" mara moja, fupi, kisha nyamaza. Usikilize mkia hadi uishe. Ukiwa laini kama moshi unaotawanyika, miangwi yake ni mingi ya kutosha. Ukisikia kokoto zikimwagwa, au bati likilia noti moja, ile 1,000 ya Schroeder haijafikiwa. Kirudishe kwenye rafu, hata kama kina programu 200.